Kamera Inapokosea, Ushahidi Uko kwa Nani?

Tarehe 16 Februari 2024, kamera za nyumbani za kampuni ya Wyze ya Marekani zilizimika kwa saa kadhaa baada ya hitilafu iliyoanzia upande wa seva za Amazon. Ziliporudi hewani, baadhi ya wateja walifungua simu zao wakakuta picha za sebule na vibaraza visivyo vyao. Siku hiyo mmoja wa waanzilishi wa kampuni alisema wamepokea malalamiko 14. Siku tatu baadaye wateja wakapata barua pepe yenye hesabu nyingine kabisa: watu wapatao 13,000 walikuwa wameonyeshwa picha ndogo kutoka kamera za watu wengine, na 1,504 kati yao walizigusa kuzikuza. Chanzo kikaelezwa pia. Programu ya kampuni nyingine, ambayo kazi yake ni kuweka data kwa muda ili picha zifunguke haraka, ilizidiwa kamera nyingi mno ziliporudi kwa pamoja, ikachanganya namba za vifaa na namba za wateja. Maelezo hayo yalikuwa ya kina kuliko yale ambayo kampuni nyingi hutoa, lakini wateja walizidi kukasirika. Walikuwa na sababu. Septemba 2023 kisa kama hicho kilikuwa kimetokea kwa wateja wa Wyze, na mwaka 2022 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Bitdefender ilikuwa imefichua kwamba Wyze ilijulishwa kuhusu kasoro za kamera zake tangu 2019. Zaidi ya hayo, hesabu ya 14 na hesabu ya 13,000 zilitoka kwa kampuni ile ile, na mteja hakuwa na namna yoyote ya kukagua ile ya kwanza wala ya pili.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili, na ndipo mjadala mwingi kuhusu uwazi wa kampuni unapopita bila kusimama. Tumezoea kuuliza kama kampuni ilisema ukweli, na kama iliusema mapema. Ni maswali ya haki, ila yote mawili yanamwacha mteja pale pale alipokuwa, akisubiri kuambiwa. Ninavyoona, uwazi wa kweli hupimwa kwa kile ambacho mteja anabaki nacho mkononi wakati kampuni bado haijasema neno. Wakulima wa chai wa Kericho na Bomet, nchini Kenya, wanalijua jambo hili kuliko watu wengi duniani, kwa sababu wamelipitia kwenye mizani ya majani chai kabla kamera hizi hazijafika kwenye maboma yao.

Kamera zimefika kweli. Kuanzia Litein hadi Mogogosiek, Sotik hadi Silibwet, fundi anayeweka kamera hakosekani sokoni, na sababu za kumwita zinaeleweka. Wana wanaofanya kazi Nairobi, Doha au Minnesota wamewajengea wazazi nyumba nzuri kuliko walizolelewa, na wanataka kuona nani ameingia langoni. Zizi la ng'ombe wa maziwa ni mali ya kulindwa usiku. Mzee anayeishi peke yake na msaidizi wa nyumbani anahitaji mtu wa kumwangalia hata kwa mbali. Kamera nyingi za aina hii huuzwa kwa bei ambayo mwalimu au mkulima wa ekari mbili anaweza kuimudu, huunganishwa na simu kwa programu isiyo na malipo, na baadhi yake hutumia laini ya simu mahali ambapo intaneti ya waya haijafika. Mteja hujiona amenunua jicho. Alichonunua ni sehemu moja tu ya mtambo mrefu, ambao upande wake mkubwa uko kwenye seva za nchi nyingine, chini ya kampuni ambayo huenda hajawahi hata kulisoma jina lake vizuri.

Mtambo huo unaposimama, fikiria ni wangapi wanaoweza kulaumiwa. Eneo la Kericho linajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na radi zake zinaangusha nyaya. Stima ikipotea jioni, kamera inazimika. Mtandao ukidhoofika bondeni, picha inaganda. Bando likiisha, hali ni hiyo hiyo. Nenosiri lililowekwa na fundi likiwa bado mikononi mwa fundi, mtu mwingine anaweza kuingia. Na seva ya kampuni ikianguka huko iliko, kila kitu nyumbani kinaonekana kizima isipokuwa picha haiji. Katika hali zote hizi mteja huona ujumbe mmoja kwenye simu, kwamba kifaa hakipatikani. Muuzaji humwambia aulize kampuni ya simu, kampuni ya simu humrudisha kwa fundi, fundi husema ni stima, na kampuni iliyotengeneza kamera hujibu kwa ujumbe wa kompyuta unaomtaka azime kifaa na kukiwasha upya. Hasira ya mteja haitokani na hitilafu yenyewe. Watu wa maeneo haya wanaishi na hitilafu za stima na mtandao kila wiki, na wanazivumilia. Kinachowachosha ni kukosa njia ya kujua hitilafu hii ni ya nani. Na hilo lina uzito hata nje ya kuudhika. Mwaka 2020 mtumiaji mmoja wa Uholanzi aliona kwenye skrini ya Google picha za nyumba za watu asiowajua, na Xiaomi, iliyotengeneza kamera yake, ikaeleza kwamba mabadiliko iliyoyafanya Desemba 2019 kwenye hifadhi ya muda ndiyo yaliyosababisha, na kwamba kasoro hujitokeza pale ambapo mtandao ni dhaifu sana. Google ilizima mara moja muunganisho na vifaa vya Xiaomi. Mtandao dhaifu ni hali ya kila siku katika mabonde mengi ya Konoin, huko Bomet. Kasoro ambayo kampuni inaiita nadra inaweza kuwa nadra kwa sababu ilihesabiwa mahali ambapo mtandao haukatiki.

Sasa turudi kwenye mizani. Kwa miaka mingi majani mabichi yalipimwa kwenye kituo cha kununulia kwa mizani ya kuning'iniza, na karani akaandika kilo kwa mkono. Mkulima aliona mshale ukitikisika, akasikia namba ikisomwa, akaondoka. Malalamiko ya zama hizo yanakumbukwa katika kila kijiji: kilo zilizopunguzwa ili namba iwe kamili, majani ya mmoja yaliyoandikiwa mwingine, karani na dereva waliosemekana kugawana kilichozidi. KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, ambayo ilizaliwa 1964 kama shirika la serikali na kubinafsishwa mwaka 2000 chini ya viwanda vinavyomilikiwa na wakulima wenyewe, ilileta mizani ya kielektroniki inayotoa risiti papo hapo. Mizani ya kielektroniki haikuwa na uaminifu wa ajabu kuliko ile ya zamani. Nayo huharibika, betri huisha, na mtu anaweza kuichezea. Kilichobadilika ni kwamba mkulima wa kiwanda cha Momul au Kapkoros sasa hurudi nyumbani na karatasi. Akijumlisha karatasi za mwezi mzima na kuzilinganisha na malipo, anaweza kuona kilo zilizopotea, tena anaweza kumwonyesha mkurugenzi wa kiwanda, chifu au hakimu. Na mizani yenyewe hukaguliwa chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, ambapo mkaguzi asiyelipwa na kiwanda huipiga muhuri. Mambo hayo mawili, yaani rekodi iliyo mikononi mwa mwenye mali na mkaguzi wa nje, yalituliza sehemu kubwa ya ugomvi wa kilo.

Ushahidi kwamba ni rekodi iliyotuliza watu, wala si teknolojia, unaonekana mara tu unapovuka pale ambapo risiti inakoma. Majani yakishapanda lori hakuna karatasi tena inayomfuata mkulima. Yanasagwa, yanachachushwa na kukaushwa, yanapelekwa mnada wa Mombasa, yanauzwa kwa dola, yanakatwa gharama za kiwanda, za mikopo na za usimamizi, na mwishoni, karibu Oktoba, namba moja inarudi: bonasi kwa kilo. Kila mwaka namba hiyo huwa ndogo zaidi magharibi mwa Bonde la Ufa kuliko mashariki, na mwaka 2025 pengo hilo liliwasha ghadhabu kubwa Kericho na Bomet. Maelezo ya wasimamizi ni kwamba chai ya nyanda za mashariki hupata bei bora mnadani. Huenda ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini mkulima hana chochote mkononi cha kumwezesha kukubali au kukataa. Ni yule yule anayeziamini kilo zake kwa sababu ana risiti, na kuitilia shaka bonasi yake kwa sababu hana. Tena yeye ni mwenye hisa katika kiwanda. Ikiwa mmiliki mwenyewe anabaki gizani kwa kukosa rekodi, mteja wa kamera iliyotengenezwa ng'ambo yuko mbali zaidi na mwanga.

Kwa hiyo mtu akiuliza kamera za nyumbani zinakosa nini, mimi husema zinakosa risiti. Kamera inajua saa ngapi ilipoteza mawasiliano na seva. Programu inajua simu zipi zimefungua picha za nyumba fulani, lini na kutoka wapi. Seva inajua ilipotuma picha kwa akaunti isiyostahili. Maarifa yote haya yanakusanywa, kwa kuwa bila hayo wahandisi wasingeweza kurekebisha chochote, lakini mteja hapewi. Wyze iliweza kuhesabu 1,504 kwa sababu rekodi ilikuwepo. Aliyerekodiwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kuipata, na aliipata ikiwa imegeuzwa kuwa maelezo ya kampuni. Mahali pengine rekodi ilifichwa kabisa hadi mtu wa nje alipoingia. Kampuni ya Anker iliwauzia watu kamera za Eufy kwa ahadi kwamba picha haziondoki nyumbani. Novemba 2022 mtafiti wa usalama Paul Moore alionyesha kwamba picha zilikuwa zikipanda mtandaoni, kampuni ikakanusha mambo kadhaa, na hatimaye Januari 2023 ikakiri kwamba video zilizotazamwa kupitia tovuti yake hazikuwa zimefungwa kwa msimbo kama ilivyodaiwa. Huko Ring, tanzu ya Amazon, mfanyakazi mmoja alitazama maelfu ya video za wateja wanawake wasiopungua 81 mwaka 2017, kwa mujibu wa mashtaka ambayo Tume ya Biashara ya Marekani iliyafungua Mei 2023 na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Hakuna hata mmoja wa wanawake hao aliyekuwa na namna ya kuona kwenye simu yake kwamba kuna jicho la pili.

Kericho yenyewe ina somo chungu la aina hii. Februari 2023 BBC ilionyesha filamu iliyopigwa kwa kamera ya siri katika mashamba makubwa yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay, ambapo zaidi ya wanawake 70 walieleza kwamba walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Makampuni hayo yalikuwa na sera za malalamiko na kauli za kutovumilia dhuluma. Baadhi ya watuhumiwa walisimamishwa kazi baada tu ya BBC kufanya uchunguzi wake. Uzito wa jambo hilo haulinganishwi na kamera ya langoni iliyoharibika, na sitaki kuyaweka kwenye mizani moja. Ninalitaja kwa sababu moja tu: wanyonge walisikilizwa siku rekodi ilipokuwa nje ya mikono ya kampuni.

Pingamizi la kwanza, ambalo hutolewa na watu wenye busara, ni kwamba haya yote ni ndoto kwa mteja wa Bomet. Kampuni iko Shenzhen au Seattle, na haitamjali mtu aliyenunua kamera moja sokoni. Ni kweli kwamba umbali ni mkubwa, lakini sheria ya Kenya haikuandikwa kana kwamba umbali haupo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhusu hata mchakataji asiye na ofisi nchini ikiwa data anayoshughulikia ni ya watu walio Kenya. Kifungu cha 43 kinadai kwamba data ikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72, na mwenye data aarifiwe kwa maandishi katika muda unaofaa. Ofisi ya Kamishna Immaculate Kassait imeshaonyesha kwamba inaweza kufikia makampuni ya vifaa, kwani Desemba 2022 iliitoza OPPO Kenya shilingi milioni 5 kwa kutumia picha ya mtu bila idhini yake. Udhaifu uko kwingine. Faini ya kiutawala haiwezi kuzidi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, na kinachochukuliwa ni kile kidogo zaidi. Kwa mtengenezaji anayeuza mamilioni ya kamera, hiyo ni gharama ya tangazo moja. Isitoshe, wajibu wa kuarifu huanza pale kampuni inapojua, na anayeamua imejua lini ni kampuni yenyewe. Bila rekodi kwa mteja, saa 72 huhesabiwa na mshitakiwa.

Wapo pia wanaosema kwamba kamera ya nyumbani haimo ndani ya sheria hiyo, kwa kuwa kifungu cha 51 kinaondoa shughuli za mtu binafsi na za nyumbani. Huku ni kuisoma sheria nusu. Msamaha huo ni wa mama wa Kapkatet aliyeweka kamera kwenye baraza lake, ili asihesabiwe kama kampuni kwa kuangalia nani amebisha hodi. Haujaandikwa kwa ajili ya kampuni inayopokea picha za baraza hilo, kuzihifadhi na kuzipanga kwa biashara yake.

Pingamizi lenye uzito zaidi kwangu ni la wahandisi. Wanasema hitilafu ikiwa mbichi hakuna anayejua ukubwa wake, na kusema mapema ni kusema uongo bila kukusudia, kama ile hesabu ya 14. Kampuni ingenyamaza hadi ijue, isingelazimika kujikana siku tatu baadaye. Hofu hiyo naielewa, lakini inachanganya aina mbili za taarifa. Moja ni hukumu: chanzo ni nini, walioathirika ni wangapi, nani alaumiwe. Hiyo inahitaji muda. Nyingine ni tukio lenyewe: kamera yako haikuwa na mawasiliano kuanzia saa hii hadi saa hii, na kabla hatujajua kwa nini, usitegemee picha za kipindi hicho. Hiyo haihitaji uchunguzi, na mashine inaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenye namba ya simu. Kosa la 14 lilikuwa kutoa hukumu mahali pa tukio. Kenya ina mfano wa karibu wa jinsi jambo hili linavyoweza kufanywa vizuri. Mita za tokeni za stima zinazotumia mfumo mmoja duniani zilikuwa zikihesabu dakika tangu 1993, na hesabu ilikuwa ifike ukingoni tarehe 24 Novemba 2024. Mita isiyosasishwa isingekubali tokeni mpya baada ya siku hiyo. Kenya Power ilitangaza mapema tarehe na sababu, kisha mteja aliyenunua stima akapokea makundi matatu ya tarakimu 20, mawili ya kwanza ya kusasisha mita na la tatu la umeme. Wengi walinung'unika kubofya tarakimu 60. Lakini aliyekwama alijua amekwama wapi, na tarakimu zilikuwa kwenye simu yake. Kampuni hiyo imelaumiwa kwa mengi, mara nyingi kwa haki, na kwa hili inastahili sifa.

Nasikia pia hoja kwamba rekodi za wazi zitamsaidia mwizi, kwamba akijua kamera huzimika usiku fulani atakuja usiku huo. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ningedai rekodi zichapishwe hadharani. Anayestahili kuziona ni mwenye nyumba, kwa njia ile ile anayoonea picha zake. Mwizi anayeishi jirani tayari anajua stima hupotea lini.

Mwisho kuna suala la bei. Husemwa kwamba kamera ya bei ya chini haiwezi kubeba huduma ya gharama, na anayetaka uwazi anunue ya ghali. Eufy na Ring hazikuwa vifaa vya bei ya chini, na hazikuwa wazi. Upande wa pili, kuandika saa ya kupoteza mawasiliano kwenye memori kadi ya kamera ni kazi ndogo ya programu. Kinachokosekana ni mtu wa kuidai. Uingereza, mnunuzi wa siku nyingi wa chai ya Kenya, imeanza kudai kidogo: tangu 29 Aprili 2024 ni marufuku huko kuuza vifaa vya nyumbani vya intaneti vyenye nenosiri moja kwa wote, na mtengenezaji lazima atangaze ni kwa muda gani atatuma masasisho ya usalama na wapi kasoro ziripotiwe. Sheria hiyo haijafika kwenye rekodi ya mteja, ila imeweka masharti kabla kifaa hakijaingia dukani. Kenya ina mlango kama huo. Mamlaka ya Mawasiliano huidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa, na inaweza kuongeza sharti kwamba kamera ya nyumbani imwonyeshe mwenyewe, bila kumtegemea mtengenezaji, saa ilizopoteza mawasiliano na orodha ya simu na akaunti zilizofungua picha zake. Kifungu cha 46 cha Katiba tayari kinampa mlaji haki ya taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Sharti hilo lingekipa kifungu hicho kifaa cha kufanyia kazi.

Na rekodi hiyo isiishie kwa aliyelipa. Katika boma la Kericho wanaoonekana zaidi kwenye kamera ni watu wasio na akaunti: msaidizi wa nyumbani anayemlea mtoto sebuleni, mchumaji anayepita langoni na kikapu saa kumi na mbili asubuhi, nyanya aliyeketi barazani. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Kulinda Data kinawapa nao haki ya kujua data yao inatumiwaje na kuifikia. Siku picha zao zitakapoonekana kwenye simu ya mgeni, barua pepe ya kampuni haitawafikia, kwa kuwa hawamo kwenye orodha ya wateja. Njia pekee ya wao kujua ni kwamba mwenye nyumba awe ameona kwenye simu yake nani alifungua nini, na sheria imtake awaambie.